Inspekta Thilagavathi, Aliyewafungulia Waume Lango la Kituo cha Wanawake

Tarehe 31 Mei mwaka huu, Inspekta M. Thilagavathi wa Kituo cha Polisi cha Wanawake, Nallampuram, atavua sare aliyoivaa kwa miaka thelathini na sita. Baadhi ya askari wake walikuwa hawajazaliwa alipoivaa mara ya kwanza. Chama chetu cha ustawi kimeniomba niandike machache kumhusu, kwa kuwa nimekaa naye chumba kimoja kwa muda mrefu kuliko yeyote aliyebaki kazini. Nimesisitiziwa yawe machache. Nitajaribu.

Alizaliwa katika nyumba ya wafumaji, akakua akisikia mitambo ya kufumia ikigonga tangu alfajiri, na mpaka leo hawezi kufanya kazi penye ukimya. Ndiyo sababu redio ya kituo haizimwi. Alipojiunga na polisi mwaka 1987, bibi yake alilia kutwa nzima akisema hakuna mwanamume atakayeoa msichana wa kuvaa suruali na mkanda. Akapatikana mmoja: Bwana Sivakozhundu, karani wa posta, mtu wa sauti ndogo na mchuzi mzuri wa dengu. Kila askari wa kituo hiki ameuonja mchuzi huo, na wengine wanasema ndio uliowazuia kuomba uhamisho.

Kituo chetu kilifunguliwa mwaka 1994, na hakikuja chenyewe. Kililetwa na akina mama wa mji huu, wakiongozwa na Mwalimu Senbagam wa sekondari ya wasichana, waliokaa chini barabarani mbele ya ofisi ya wilaya mpaka wakubwa wakachoka kuwaruka. Thilagavathi, wakati huo konstebo, alikuwa miongoni mwa askari waliotumwa kuwaondoa. Badala yake akawapelekea maji ya kunywa. Alikaripiwa kwa hilo, na akapata rafiki, Mwalimu mwenyewe.

Miaka ile haikuwa na mzaha. Yeye ndiye aliyekuwa akitumwa wodi ya majeraha ya moto kuandika maneno ya mwisho ya mabinti waliomwagiwa mafuta ya taa nyumbani kwa wakwe zao. Alirudi kituoni hajala, akafunga jalada, akaenda kumkamata mtu. Waume wa Nallampuram walimwogopa kweli. Akipita soko la jumla na pikipiki yake, wenye makosa walijificha nyuma ya magunia ya vitunguu. Wasio na makosa walijificha pia, kwa tahadhari.

Nayasema haya ili msomaji aelewe ni mtu wa namna gani aliyefanya yanayofuata.

Asubuhi moja ya mwaka 2009, Thilagavathi akiwa sasa mkuu wa kituo, mwanamume mmoja alisimama langoni kwetu. Alikuwa mpakiaji wa magunia sokoni, jina lake Kathirvel, kifua kipana kama mlango, msuli kiunoni na taulo limefunika bega moja. Zamu ya langoni ilikuwa ya Konstebo Pechiammal, ambaye mdomo wake nyote mnaujua.

“Kaka, umepotea?” Pechiammal akamuuliza. “Kituo chenu kiko kule, karibu na stendi.”

“Kule nimeshatoka.”

“Wamekwambia nini?”

“Wamecheka. Wakanipa chai, wakacheka tena.”

“Kwani una shida gani?”

Akainamisha kichwa. “Mke wangu ananipiga.”

Pechiammal akamtazama kuanzia unyayo mpaka utosi, safari ndefu kidogo, kisha naye akaangua kicheko. “Wewe? Mlima mzima? Mkeo ni nani, tingatinga?”

Sauti ya Inspekta ikatoka ndani, ikiishinda redio. “Pechi! Nani huyo?”

“Mume wa mtu, Afande!”

“Mume wa mtu ana jina. Mlete ndani, na kicheko chako kibaki hapo hapo langoni.”

Tulibaki watatu chumbani: Inspekta, huyo bwana, na mimi niliyekuwa naandika maelezo. Alikataa kukaa. Alipoombwa aondoe taulo, alikawia, na lilipotoka tulielewa kwa nini. Shingo na bega vilikuwa vimebabuka, wekundu mtupu, na nyuzi za taulo zimenasa kwenye kidonda. Mkewe alikuwa amemmwagia maji ya wali yaliyokuwa yakichemka, na haikuwa mara ya kwanza. Kulikuwa na alama ya upawa wa chuma kwenye nyusi, na nyingine za zamani mgongoni.

Inspekta akamuuliza jambo ambalo hata mimi nilikuwa nikiliwaza. “Kaka yangu, unabeba magunia mawili kwa mpigo. Kwa nini hukumshika mkono?”

“Nikiushika nitauvunja, mama. Baba yangu alimshika mama mkono hivyo hivyo, akauvunja. Nilikuwepo, nilisikia ulivyolia.”

“Unataka tumfunge mkeo?”

“Hapana. Nataka mtu aandike kwamba imetokea. Na mwanangu Yazhini, ana miaka sita, nisinyang’anywe.”

Sheria ya ukatili wa nyumbani, kama sote tujuavyo, haimtaji mume kama mdhulumiwa. Thilagavathi aliijua kuliko sisi. Lakini sheria ya kujeruhi haiulizi aliyejeruhiwa ni mume wa nani, na kwa sheria hiyo alifungua jalada siku ile ile. Kisha akavaa kofia, akaniambia nipande pikipiki nyuma yake, tukaenda kumsikia mke.

Maragatham alikuwa mwanamke mwembamba, mfupi kwangu, mwenye macho ya mtu asiyelala. Hakukana hata neno moja.

“Ndiyo, nilimmwagia. Andika!” akanipigia kelele mimi mwenye kalamu. “Wewe dada, umewahi kuolewa na ukuta? Namtukana, anasimama. Nampiga, anasimama. Nilikuwa nimepata nafasi chuo cha uuguzi, mimi! Kaka yangu akaniambia acha ujinga, kuna mchumba sokoni. Sikuulizwa. Nimpige nani sasa? Kaka yangu?”

Inspekta alikaa chini sakafuni pamoja naye, akamsikiliza mpaka alipomaliza kulia. Halafu akamwambia, “Hasira yako naielewa, mwanangu. Kaka yako alikukosea, na kama ungekuja kwangu siku ile ningesimama nawe. Lakini maji ya moto hayakumwagika kwa kaka yako. Utakuja kituoni kesho, utatoa maelezo yako yote, na hili la chuo nalo litaandikwa.”

Alikuja. Yaliandikwa.

Mji ulicheka majuma. Kinyozi wa stendi alitunga wimbo. Bwana Sivakozhundu alipoingia dukani, watu walimzingira. “Bwana Siva, tuambie ukweli, na wewe unapigwa? Ndiyo maana mama kaona huruma?”

“Napigwa kila jioni,” akajibu kwa ile sauti yake ndogo. “Kwa karata. Nipimie dengu nusu kilo.”

Vicheko havikumsumbua Inspekta. Kilichomsumbua kilikuja wiki iliyofuata. Dhandapani, yule kaka wa Maragatham, alikuwa mpambe wa diwani, na alizunguka mjini akisema kwamba polisi wanawake wamemgeuka mwanamke mwenzao. Asubuhi ya Ijumaa tulikuta akina mama wamejaa langoni na mabango. Mbele yao alisimama Mwalimu Senbagam.

Inspekta alimkaribisha ndani. Kahawa ililetwa, hakuna aliyeigusa.

“Thilaga, lango hili tumelipigania,” Mwalimu alisema. “Unakumbuka? Jua lile, matusi yale. Ni mlango mmoja tu katika wilaya nzima ambao mwanamke akiingia haambiwi rudi kwa mumeo. Na wewe unamwingiza mume?”

“Nimemwingiza aliyeungua.”

“Leo aliyeungua. Kesho kila mume mpigaji atakuja hapa kabla mkewe hajaamka, na bandeji mkononi, aseme yeye ndiye aliyepigwa. Utamjuaje?”

“Nitamsikiliza, kisha nitamsikiliza mkewe. Akiwa mwongo nitamweka ndani. Si ndiyo kazi waliyonipa?”

“Wanaume wana vituo vyote vya nchi hii!”

“Huyu alienda kwenye kimoja, Senba. Walimpa chai wakamcheka. Wewe na mimi tunajua kicheko hicho. Ndicho tulichokuwa tukichekwa.”

Mwalimu Senbagam alisimama. Alikuwa na machozi, nadhani ya hasira. “Umeniumiza,” alisema, akatoka. Hawakusemezana tena kwa muda mrefu.

Machi iliyofuata, kama kila mwaka, Inspekta aliitwa kuzungumza katika sherehe ya Siku ya Wanawake, ukumbi wa wilaya. Alipewa dakika chache aeleze usalama wa mabinti njiani. Mkuu wake mmoja alimnong’oneza mapema, “Mama, leo tusiharibu sherehe.” Yeye akaitikia kwa kichwa. Nilipomwona anaitikia kwa kichwa bila kusema, nilijua sherehe imeharibika.

Alipanda jukwaani, akatoa kofia. Alisema kwamba kila mwaka amesimama pale kuwataja wanawake waliochomwa, na atawataja tena, na akawataja, mmoja mmoja kwa jina, bila kusoma popote. Kisha akasema mwaka huu kuna mtu wa kuongeza, naye ni mwanamume.

“Taulo lilipotoka lilitoka na ngozi,” alisema. “Nimekaa wodi ile miaka mingi na binti zetu. Harufu ni ile ile. Sisi akina mama tuliufundisha mji huu usicheke mwanamke anapolia kituoni, na ilituchukua miaka. Nawaombeni jambo moja. Huyu naye tusimcheke. Na aliye nyumbani kama yeye, aje. Nitamsikia.”

“Kaa chini, wakili wa waume!” mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Viti vikaanza kusogea. Nusu ya ukumbi ilitoka, na Mwalimu Senbagam alikuwa katika hiyo nusu. Waliobaki walitazama miguu yao. Inspekta alimaliza dakika zake, akashukuru, akavaa kofia. Tukiwa nje alinikabidhi ufunguo wa pikipiki, akakaa kwenye ngazi za ukumbi kwa muda kabla ya kuuomba tena. Ni mara moja tu katika miaka yote nimemwona hivyo.

Jina la Wakili wa Waume lilimganda. Uhamisho ulikuja kabla mwezi haujaisha, bila sababu kutajwa: usalama barabarani, njia panda ya kupandia milimani, filimbi na glavu nyeupe. Tulidhani utamvunja moyo. Lakini madereva wa malori walikuwa wamelisikia jina lake, wakaanza kusimama wenyewe bila kusimamishwa. “Mama, wewe si yule? Hebu nisikilize kidogo.” Mmoja mkewe alimkimbia akamwachia deni na mtoto mchanga. Mwingine alikuwa hajaruhusiwa kumwona mwanawe tangu sikukuu mbili za taa, Deepavali, zilizopita. Mwingine alikuwa amempiga mkewe na alitaka kuambiwa kwamba si kosa. Huyo alishushwa kwenye lori akapelekwa kituoni. Inaaminika kuwa msongamano mrefu kuliko yote katika historia ya njia panda ile ulisababishwa na dereva wa saruji aliyekuwa analia.

Katika mwaka huo huo mabwana watatu wenye viatu vinavyong’aa walimfuata kutoka mji mkubwa. Walikuwa na chama cha waume waliodhulumiwa, wakamwomba awe mgeni rasmi. Alikubali, nami nikamsindikiza. Walimpokea kwa ngoma, wakamvisha shada zito la asumini na waridi, wakamketisha katikati. Mzungumzaji wa kwanza alisimama akasema kwamba wanawake wanaokwenda polisi karibu wote ni waongo, na kwamba hao wanaoungua hujimwagia wenyewe ili kuwakomoa waume. Watu wakapiga makofi.

Zamu yake ilipofika, Thilagavathi alilivua shada, akaliweka juu ya kiti chake.

“Nimewafumba macho wasichana kwa vidole hivi,” alisema. “Mkitaka niseme kwamba mwanamume naye huumia, nitasema mpaka sauti inikauke, na nimeshalipia. Mkitaka niseme kwamba mwanamke haumii, tafuteni askari mwingine.”

Hakuongeza kitu. Tulipita katikati ya safu za viti, wengine wakizomea, na mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akasimama akatoka nasi mpaka barabarani, akatusimamishia bajaji, akatuunganishia viganja kifuani kwa heshima. Ndani ya bajaji Inspekta alivuta pumzi. “Poongodi,” akaniambia, “sasa nimefukuzwa pande zote mbili. Twende tukale.” Alikula idli nane, zile keki za mchele za mvuke. Nilizihesabu kwa sababu nilikuwa ninalipa mimi.

Sasa nafika sehemu ambayo si rahisi kuiandika katika jarida la kuagana, lakini bila hiyo hadithi yake haina maana.

Shule ya Mwalimu Senbagam, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu mkuu, ilikuwa na mwalimu wa hisabati aitwaye Elangovan. Kijana mtanashati, mkimya. Alikuwa na desturi ya kuja shuleni na miwani myeusi hata siku za mvua, na walimu wenzake walimwita mcheza filamu. Siku moja alifika kituoni kwetu. Thilagavathi hakuwepo, alikuwa njia panda anapuliza filimbi. Aliyekuwa langoni alimwambia hapa ni pa wanawake, akamwonyesha njia ya stendi. Hakwenda stendi. Alikwenda nyumbani, akanywa dawa ya kuulia wadudu.

Mpishi wa jirani alisikia akianguka, na ndiye aliyemwahisha hospitali. Alipona, ingawa koo liliharibika. Miwani ilipotolewa, kila mtu aliona ilichokuwa ikificha: alama za kipigo cha mkewe.

Jioni ya pili yake, kukiwa bado na jua, bajaji ilisimama katikati kabisa ya njia panda, mahali pasiporuhusiwa. Thilagavathi alikwenda kwa hasira, filimbi mdomoni, akamkuta Mwalimu Senbagam ndani.

“Panda, Thilaga.”

“Niko kazini. Na hapa huruhusiwi kusimama.”

“Niandikie faini. Panda. Kuna mtu hospitali anataka kutoa maelezo, na anakataa kumpa askari mwingine yeyote.”

Alimwachia filimbi konstebo mwenzake, akapanda. Njiani, alinisimulia baadaye, Mwalimu alitazama nje muda wote. Walipokaribia lango la hospitali ndipo aliposema, “Nilimtania kuhusu miwani yake. Mimi mwenyewe, mbele ya walimu wote. Nikamwambia, mwalimu, filamu inatoka lini? Akacheka pamoja nasi, Thilaga. Alicheka!”

Inspekta alimshika mkono.

Elangovan hakuweza kutoa sauti zaidi ya mnong’ono. Thilagavathi aliinama na sikio karibu na mdomo wake, akarudia kila sentensi kwa sauti, na aliyeandika safari hiyo alikuwa Mwalimu Senbagam, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu mwandishi alilazimika kusimama mara kwa mara kufuta macho.

Wiki iliyofuata akina mama wa Nallampuram, wale wale wa mwaka 1994, sasa wenye mvi na magoti mabovu, walikwenda kukaa barabarani mbele ya ofisi ya wilaya. Hawakuwa wote. Wengine walikataa, na wana sababu zao, na Mwalimu aliziheshimu. Waliofika walidai jambo moja: Inspekta wetu arudishwe. Kamanda mpya alitoka nje, akawatazama vikongwe wale chini ya miavuli, akauliza kama wanajua kwamba wanamdai mtu anayeitwa Wakili wa Waume.

“Tunajua,” Mwalimu Senbagam akamjibu. “Jina hilo lilitoka katika ukumbi wetu. Mrudishe.”

Alirudi mwaka 2012. Hakuna sheria iliyobadilika, na hakubandika tangazo lolote ukutani. Alituita tu uani, chini ya mwarobaini, akatuambia kwamba kuanzia siku ile hakuna atakayegeuzwa langoni kabla ya kusema lililomleta, awe amevaa sari au msuli. Konstebo Pechiammal alipewa kazi ya kuwapokea waume, na aliifanya vizuri ajabu. Mdomo ule ule uliowakimbiza ndio uliowafanya wakae. “Kaka, usinionee haya mimi,” alizoea kuwaambia, “mimi mwenyewe nyumbani kwangu naogopwa.”

Utabiri wa Mwalimu Senbagam nao ulitimia. Waongo walikuja. Wa kwanza alifika Jumatatu na bandeji mkono wa kushoto, akilia kwamba mkewe ni simba. Alirudi Jumatano kufuatilia, na bandeji imehamia mkono wa kulia. Inspekta alimpongeza kwa kupona haraka, akamwomba aifungue. Mkono ulikuwa mzima kama yai. Mkewe tulimkuta nyumbani na ubavu uliovunjika, na huyo bwana alilala ndani siku hiyo hiyo. Thilagavathi alimpigia simu Mwalimu mwenyewe kumpa habari. “Umeshinda moja,” alimwambia. Tulisikia kicheko cha Mwalimu mpaka nje ya ofisi.

Wanawake ndio wengi kituoni mpaka leo, wengi mno, na Inspekta hajawahi kumvumilia yeyote anayesema vinginevyo. Waume huja wachache. Huja asubuhi, kabla mji haujachangamka, na wengi huanza kwa kusema wameleta shida ya rafiki yao. Tunamwandika rafiki yao. Ikifika katikati ya maelezo, rafiki huyo kwa kawaida hugeuka kuwa wao wenyewe.

Wenye kutaka kujua habari za Kathirvel: mahakama ilimwachia Maragatham kwa dhamana ya mwenendo mwema, wakatengana, na Yazhini akagawa wiki yake kati ya wazazi wawili. Inspekta alimtafutia Maragatham fomu za chuo cha uuguzi na kumsimamia mpaka akajaza. Leo ni muuguzi katika mji mwingine, na kwa habari tulizonazo hakumpiga mtu tena. Kathirvel yuko sokoni. Hakuoa. Yazhini anasoma chuo cha kilimo na ni mrefu kama baba yake. Mwalimu Elangovan alirudi darasani na anafundisha kwa sauti ya mkwaruzo, na inasemekana ndiyo sababu wanafunzi wake hunyamaza ili wamsikie.

Jumatatu wiki hii Inspekta alikuwa anamkabidhi ofisi mrithi wake, Inspekta Nachiyar, kijana wa miaka thelathini na mbili ambaye hajawahi kuongoza kituo. Walikuwa wanahesabu pingu na funguo, ndipo zogo likaingia langoni. Mume na mke walifika pamoja, wote wawili wanavuja damu, mume puani na mke kichwani, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole na kupiga kelele kwamba ameanza huyu. Nyuma yao wakwe wa pande mbili, nao wanapiga kelele.

Kituo kizima kiligeuka kumtazama Thilagavathi. Hata Inspekta Nachiyar aligeuka. Nilimwona Mama akisogea hatua moja mbele, kama alivyosogea miaka yote, na mkono umeshafika kwenye kofia. Kisha akasimama. Akaushusha mkono, akachukua mkoba wake mezani.

“Mnanitazama mimi kwa nini?” akatuuliza. “Afande wenu huyo hapo.”

Akatoka akaenda kusimama uani, ametupa mgongo. Ndani, Inspekta Nachiyar aliziweka funguo mezani. Akawatoa wakwe nje, akaagiza maji na pamba vya watu wawili, akawaketisha wote, akavuta kiti chake mpaka katikati yao. “Nitawasikia nyote,” alisema. “Anayeumia zaidi aanze.”

Wakatazamana wale wawili. Kelele ikakatika. Mume akasema polepole, “Aanze yeye. Kichwa chake kinatoka damu sana.”

Uani, Mama hakugeuka. Lakini mabega yake yalishuka, kama ya mtu anayetua mzigo, na akaanza kutembea kuelekea langoni bila haraka.

Inspekta Thilagavathi, kwa niaba ya askari wote wa kituo hiki, ya familia zetu, na ya watu waliotoa maelezo yao mbele yako na kurudi nyumbani wakiwa hai, tunakushukuru. Mwambie Bwana Sivakozhundu kwamba tutaendelea kuja kula. Mwenyezi akupe afya, asubuhi zisizo na simu, na redio isiyozimwa. Umetusikiliza sote muda mrefu, Mama. Sasa kaa, pumzika, uzungumze wewe, sisi tutanyamaza.

Sajenti A. Poongodi
Kituo cha Polisi cha Wanawake, Nallampuram